Baiskeli Nzima Nilijiwekea Mimi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa, mke mmoja, watoto wawili waliokwisha kuhama nyumbani, na shinikizo la damu. Chuo kikuu nilisomea falsafa, somo ambalo halijawahi kunisaidia kuchuma hata kilo moja ya majani chai. Nafundisha vipindi vichache katika chuo kimoja hapa Kericho, na kuandika makala za magazetini zinazosomwa na watu wanaosubiri zamu yao kwa kinyozi. Kwa miaka mingi nimewaeleza wengine namna ya kuishi... Leo mnisikilize nikieleza jinsi nilivyokaribia kumuua mtoto wa rafiki yangu kwa baiskeli.

Si kwa kumgonga. Heri ningemgonga!

Mambo yalianza kwa daktari. Aliniambia nipunguze uzito na nitafute mazoezi. Mwanamume mwenye akili angeanza kutembea. Mimi nilitazama video za vijana wa ng'ambo wakiteremka milima kwa baiskeli na kuruka matuta, nikajiona mle ndani. Nikanunua kofia ngumu, glavu na vilinda magoti kabla hata sijawa na baiskeli. Mke wangu aliniuliza kama nimeajiriwa na polisi wa kutuliza ghasia.

Huku kwetu, kati ya Kericho na Bomet, miteremko haikosekani. Upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, vijana walikuwa wamejenga njia yao katika shamba la mzee mmoja aliyewaruhusu mradi tu wasiikanyage chai yake. Walirundika udongo wakatengeneza matuta ya kuruka, moja baada ya jingine, na la mwisho lilikuwa kubwa. Unaruka, unapita juu ya mtaro mpana, unatua upande wa pili. Mimi nilikuwa nikiazima baiskeli na kucheza na yale matuta madogo ya juu. Kuruka kwangu kulikuwa kwa kimo ambacho kuku mwenye haraka asingeweza kupita chini yake.

Aliyekuwa akiruka kweli ni Chelangat.

Chelangat alikuwa na miaka ishirini na moja, na alikuwa binti wa Kiprono. Kiprono ni mkulima mdogo wa chai huko Kimulot. Yeye na mimi ni bakule. Msomaji wa mbali pengine hulijui neno hilo. Tulitahiriwa pamoja, mwezi mmoja, tukalala kibanda kimoja mpaka tukapona, tukafundishwa na wazee wale wale. Kwetu Wakipsigis, mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Mtoto wake ni mtoto wako, kiasi kwamba hata kumposa huwezi. Na kitu alichokupa bakule wako hukigeuzigeuzi kukikagua mbele yake kana kwamba umeuziwa sokoni. Kufanya hivyo ni kumtukana.

Shikeni hilo, kwa sababu mimi nililitumia.

Mwaka jana, kocha wa timu moja ya vijana alipita Kimulot, akamwona Chelangat akiruka na baiskeli yake ya kawaida, ile ya kubebea maziwa, aliyoivua keria na kuifunga waya. Kocha hakuamini macho yake. Akamwalika mazoezini baada ya mwezi mmoja, kwa sharti moja tu, kwamba aje na baiskeli inayofaa kazi hiyo. Baiskeli ya mteremko, yenye springi mbele na nyuma, na breki za diski. Akifanya vizuri, angechukuliwa kwenye timu na kulipiwa masomo. Nyumbani kwa Kiprono hakukuwa na habari nyingine tena.

Kiprono aliuza mtamba wake, akaniita. Aliniambia yeye anajua ng'ombe na chai, lakini hivyo vitu vingine hajui hata mbele ni wapi.

"Wewe umesoma, na unapenda hii mchezo," alisema. "Mchagulie mtoto wako."

Mtoto wako... Ndivyo alivyosema!

Nilisoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu kununua baiskeli ya mitumba. Nilijaza daftari zima. Na kwa kuwa hata mimi nilitaka yangu, niliamua kutafuta mbili kwa safari moja. Baada ya siku kadhaa nikampata muuzaji mjini aliyekuwa amefungua mzigo wa baiskeli kutoka nje. Zilikuwa mbili tu za mteremko, saizi moja. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa, imejaa stika za kupendeza, ungedhani imetoka kiwandani asubuhi ile. Nyingine ilikuwa ya rangi ya kijivu, imekwaruzwa kila mahali, mbaya kama punda wa kuazima. Nikanunua zote. Nyekundu ilikuwa ya Chelangat, ya kijivu yangu. Nilijiona mkarimu kweli.

Nikazipeleka kwa Ouma.

Ouma ni fundi wa baiskeli. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, akaacha, akafungua kibanda chake kando ya soko letu. Ni miaka zaidi ya ishirini sasa, na bado kuna watu wanaomwita mgeni. Mimi huniita Profesa, ingawa anajua fika kwamba si profesa na sitakuwa.

Alizifungua zote mbili siku nzima, nami nikiwa pale na daftari langu. Akazitoa springi, akatingisha kila kiungo, akapitisha ukucha kwenye mirija ya mbele kutafuta mikwaruzo. Ya kijivu aliiosha kwa petroli, tukabandua stika zote, akaigonga fremu kwa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho huku ameinamisha sikio. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ilikuwa mbaya kwa sura tu. Ndani ilikuwa nzima.

Kisha akaigonga nyekundu. Alipofika shingoni, pale mrija wa chini unapoungana na ule wa hendo, yaani usukani, akasimama. Akagonga tena. Akaibandua stika moja kubwa, na chini yake, chini ya rangi mpya, palikuwa na uvimbe kama wa kidonda kilichoshonwa vibaya. Fremu ilikuwa imepasuka huko ilikotoka, ikachomelewa, ikapakwa rangi.

"Profesa, hii imekufa," Ouma alisema. "Wameipaka rangi vile maiti huvalishwa suti."

Nikamwuliza kama haiwezi kabisa kutumika. Akaniambia kwamba aluminiamu ikichomelewa kienyeji hugeuka biskuti. Sokoni itaenda, kanisani itaenda, hata maziwa itabeba. Kuruka, hapana. Siku yoyote inaweza kukatika, na haitapiga hodi.

Sasa, wasomaji, hapa ndipo ninapoona haya hata kuandika. Njia ilikuwa wazi. Mimi ambaye kuku ananishinda kuruka ningechukua ile iliyokufa, nikajizungusha nayo kwenye barabara za majani chai na kupunguza tumbo. Chelangat angechukua nzima. Au ningerudi kwa muuzaji tukagombane. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo!

Lakini nilikuwa nimekwisha kuipenda ile ya kijivu. Nilikuwa nimeshika daftari wakati inapimwa, nikaona ilivyo nzima, na moyo wangu ukasema, hii ni yangu. Na mtu aliyesomea falsafa hakosi hoja. Nikajiambia mimi ni mzito, nina kilo tisini na saba, Chelangat hazidi hamsini na tano. Kwa hivyo mtu mzito ndiye anayehitaji fremu imara. Nikajiambia mafundi hutia chumvi. Nikajiambia baada ya mwezi timu itampa nyingine. Nikajiambia kwamba Kiprono akiona nimemletea mtoto kitu kibaya na chakavu, atavunjika moyo. Hoja nne, zote zimenyooka... na zote uongo!

Nikamwambia Ouma airudishie stika, na kwamba mimi mwenyewe nitamweleza baba ya msichana asiruke nayo.

"Mwambie leo," Ouma alisema.

Nikaitikia.

Kesho yake nilizipakia kwenye pikapu hadi Kimulot. Mama Chelangat alikuwa ameniandalia mursik, maziwa yetu ya kuganda, na ugali wa wimbi. Msichana alipoiona ile nyekundu alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akaizunguka, hakuthubutu kuigusa. Majirani wakaja. Mmoja wao, aliyekuwa na pikipiki, akachuchumaa akasema ni vizuri fundi mwingine aiangalie kabla ya kuiendesha, maana vitu vya mitumba vina siri.

Kiprono alicheka.

"Nikague kitu nimeletewa na bakule?" alimwuliza. "Kwani nimeletewa na nani?"

Watu wakacheka. Mama Chelangat akasema tazameni, yeye amejichukulia ile mbaya, nzuri akampa mtoto. Nikasifiwa! Nikaongezewa mursik! Na mimi nikanywa, nikafuta mdomo, nikasema si kitu.

Je, sikuwa na nafasi ya kusema? Nilikuwa nayo mchana kutwa. Lakini kila mara nilipofungua kinywa nilijiona nikieleza kwa nini nzima iko kwangu... nikakifunga.

Wiki tatu Chelangat aliruka na baiskeli ile. Kila Jumamosi nilikuwa pale, na mara ya kwanza nilimtazama kupitia vidole. Aliruka, akatua, hakuna kilichotokea. Mara ya pili, hakuna. Wiki ya pili nikaanza kumcheka Ouma moyoni. Wiki ya tatu nilikuwa nimesahau kabisa. Amini usiamini, wiki hiyo hiyo niliandika makala ndefu kuhusu viongozi wasiosema ukweli, na mhariri akanipongeza.

Jumamosi ile ilikuwa imenyesha kidogo adhuhuri, kisha jua likatoka. Nilisimama karibu na mtaro, nimeegemea baiskeli yangu ya kijivu. Chelangat alikuja kwa kasi, akapaa vizuri sana. Nasema vizuri sana, kwa sababu baadaye jambo hili lilikuja kuwa na maana. Alipogusa ardhi upande wa pili nilisikia mlio mkavu, kama ukuni ukivunjwa gotini. Gurudumu la mbele na hendo vilikwenda kwao. Fremu ilibaki nyuma. Na yeye alikwenda katikati, kwa bega na nyonga, hadi kwenye mizizi ya chai.

Wachumaji chai walikimbia wakaacha vikapu vyao. Walimbeba kwa mlango wa zizi, wakamlaza juu ya magunia kwenye pikapu ya majani chai. Nilipanda naye nikamshika mkono. Njia nzima aliniomba msamaha kwa kuiharibu baiskeli.

Aliniomba msamaha mimi!

Nyonga ilikuwa imevunjika mahali pawili, na mkono wa kulia juu ya kiwiko. Alipasuliwa mara mbili. Siku ya mazoezi ya timu ilifika na kupita yeye akiwa amelala chali, mguu umening'inizwa. Kocha alimtumia ujumbe wa pole. Daktari alisema atatembea. Kuhusu kuruka, hakusema lolote, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Ndipo watu wakaanza kutafuta mwenye makosa. Kama mjuavyo, mwenye makosa hutafutwa kwanza mahali ambapo ni rahisi kumpata. Nani aliifungua baiskeli ile na kuifunga? Ouma. Basi Ouma alilegeza kitu. Ouma hajui kazi. Maneno yalitoka Kimulot yakafika sokoni kabla ya wiki kwisha. Wateja wakampungukia. Vijana fulani walipita wakampindulia sanduku la vyuma kwenye matope, mwenyewe akitazama.

Mimi nilikuwa na uwezo wa kuyazima yote yale kwa dakika moja. Sikuyazima. Nilikuwa nikienda hospitalini na machungwa.

Ouma alinipigia simu mara moja tu. Aliniuliza kama niliwaambia. Nikasema bado natafuta wakati mzuri.

"Profesa, mimi nikisema itakuwa neno langu na lako," aliniambia. "Na sisi wote tunajua watashika la nani."

Akakata.

Sikula siku ile. Mke wangu aliniuliza mara tatu nina nini, na mara ya tatu nikamwambia. Hakunifokea. Aliinuka akaniletea koti langu na viatu, akaviweka mbele yangu, akarudi jikoni.

Nilimkuta Kiprono katikati ya chai yake, kikapu mgongoni, akichuma peke yake kwa sababu mkewe alikuwa hospitalini. Nilisimama mstari wa pili, kichaka kimoja kati yetu, nami nikaanza kuchuma ili mikono iwe na kazi. Nikamweleza. Stika, uvimbe, maneno ya Ouma, maneno yangu kwa Ouma, yote. Hakuacha kuchuma. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, anayarusha nyuma ya bega bila kutazama.

Nilipomaliza tulikuwa tumefika mwisho wa mstari.

"Na ile yako," alisema, "ulikagua?"

"Nilikagua."

"Ukatoa stika?"

"Zote."

Akatua kikapu chini, akaiokota fimbo yake ya kupimia kimo cha chai. Akanitazama kwa muda mrefu, na nilitamani anipige. Nawaapia, nilitamani!

"Angekuwa mtu mwingine ningemfukuza hapa na hii fimbo," alisema hatimaye. "Wewe siwezi kukufukuza. Hata nikikuchukia, wewe ni bakule yangu mpaka nizikwe. Sasa niambie, mimi nitakupeleka wapi?"

Falsafa yote ile, miaka minne... nami nikainama kuokota majani yaliyomwagika kando ya kikapu.

Aliniagiza mambo mawili. Niende kwa Ouma mbele ya watu. Kisha nimwambie mtoto mwenyewe, kwa mdomo wangu, yeye hatanisaidia.

Nilikwenda sokoni siku ya soko. Nikasimama mbele ya kibanda cha Ouma nikasema kwamba fundi aliniambia fremu imekufa, na mimi ndiye niliyeficha. Ouma alikuwa akinyoosha gurudumu, hakuinua kichwa.

"Sema kwa sauti, Profesa," alisema. "Wale wa viazi hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti. Wa viazi wakasikia. Wa kabeji pia. Kuna mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, alinitazama kisha akageuka haraka kupanga nyanya zake. Ouma aliendelea na gurudumu lake. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru.

Chelangat nilimkuta wodini ameketi, amefundishwa siku hiyo kusimama kwa magongo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kama ninastahili kiti. Alisikiliza. Aliniuliza mahali penyewe palipokuwa pamechomelewa, nikamwonyesha kwa mkono hewani. Kisha akaanza kulia, kimya kimya, na nilidhani analia kwa hasira.

"Mimi nilifikiri niliruka vibaya," alisema.

Mwezi mzima na siku kadhaa, msichana yule alikuwa akilala chali akiruka mruko ule kichwani, tena na tena, akitafuta alipokosea. Kwamba aliegemea mbele mno. Kwamba alifunga breki mapema. Kwamba yeye si mtu wa timu, na kocha alikosea kumwita. Na mimi nilikuwa nikija kumtembelea, nikikaa kando ya kitanda, nikimmenyea machungwa... nikijua!

Mnaweza kunisamehe fremu. Wapo watakaonisamehe. Lakini yale machungwa nani atanisamehe?

Sasa anatembea, anachechemea. Ile baiskeli ya kijivu niliipeleka kwao nikaiacha. Imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko na hakuna anayeigusa. Kiprono hunikaribisha, hunipa kiti, huniuliza hali ya nyumbani. Adabu yote iko pale pale. Ila juzi nilimpelekea mbolea tuliyokuwa tumekubaliana nimnunulie, akafungua gunia mbele yangu, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kiganja kimoja, akakiangalia kwenye mwanga. Kisha akasema asante.

Ndugu wasomaji, najua wengi wenu hamtawahi kuruka mtaro kwa baiskeli, na mnafanya vyema. Lakini kama kuna anayenunua ya mitumba, namsihi aioshe kwanza, abandue kila stika, aigonge fremu akisikiliza, na fundi akimwambia imekufa, aizike. Asivutwe na rangi. Na kama umetumwa kumchagulia mtu anayekuamini, mtu ambaye hatakagua kwa sababu ni wewe uliyemletea, basi kagua mara mbili, kwa ajili yako na kwa ajili yake, na ile utakayoitamani zaidi mpe yeye.

Na kama tayari umekosea kama mimi, umekwisha kukabidhi kitu kibovu na watu wanakusifu, usingoje wakati mzuri. Hauji! Mimi niliungoja wiki tatu nikiwa na neno lenyewe ulimini. Usiruke na baiskeli hii. Ni maneno manne, na hata mkiwa mmeketi mbele ya majirani, na kikombe cha mursik kiko mkononi, yanasemeka.